Kitabu cha bibi hakisemi: PDF, EPUB au Kindle?

Wiki mbili zilizopita kwenye kipindi tulisoma swali la msikilizaji mmoja wa Midrand. Anataka kusoma vitabu vya Kiswahili kwenye simu akiwa ndani ya Gautrain, na nyumbani ana Kindle aliyoachiwa na dada yake. Sasa achukue faili la aina gani? PDF, EPUB, au lile la Kindle? Tukamjibu kwa sekunde tatu: "EPUB, bana." Tukacheka, tukahamia kwenye ubishi wa pilau.

Jibu halikuwa baya. Ila jioni ile nilifika nyumbani Wendywood nikamkuta bibi sebuleni, tableti mapajani, amekunja uso.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Hebu njoo. Kitabu chako kinanikimbia."

Kitabu chenyewe kilikuwa chake, si changu. Bibi alikuja kwetu kutoka Tanga mwaka jana, na macho yake hayawezi tena maandishi madogo. Basi mimi mjukuu mwema nilikipiga picha kitabu chake cha zamani ukurasa kwa ukurasa, nikaunganisha picha zote kuwa PDF moja, nikamwekea. Nikajiona fundi. Kumbe kila akipanua maandishi kwa vidole viwili, nusu ya mstari inatoka nje ya kioo. Anausogeza kushoto, anausogeza kulia, mpaka amesahau mstari ulianzaje. Nikamwambia, usijali bibi, tableti itakusomea kwa sauti. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya.

"Hata salamu hakijibu," akasema bibi.

Nikachukua kitabu cha karatasi nione kama nilikosea picha. Ni Pambo la Lugha, mashairi ya Shaaban Robert. Kwenye ukurasa wa mbele, chini, nikasoma jina la mchapishaji: Witwatersrand University Press, Johannesburg. Yaani Wits! Bibi alikifunga kwenye sanduku Tanga, akakileta mpaka kwetu, na kumbe kilizaliwa hapa hapa, vituo viwili vya treni kutoka Sandton.

Hapo ndipo nikaona kwamba swali la ndugu yetu wa Midrand linastahili zaidi ya sekunde tatu. Kiswahili kimeshabadilisha fomati mara kadhaa kabla kompyuta hazijakuwepo, na kila mara kuna watu waliobaki na kitabu mkononi wasiweze kukifungua.

Joburg ilipochapa Kiswahili

Ukipanda Gautrain pale Sandton, kituo kinachofuata ni Rosebank, kisha Park. Ukishuka Park na kutembea kidogo uko Braamfontein, chuoni Wits. Miaka ya 1930 chuo hicho kilianza mfululizo wa vitabu vya fasihi katika lugha za Kiafrika, chini ya mtaalamu wa lugha Clement Doke. Cha kwanza kilitoka mwaka 1935: mashairi ya Kizulu ya B. W. Vilakazi. Mfululizo uliitwa Bantu Treasury, yaani hazina ya Kibantu, na kwa sababu Kiswahili nacho ni lugha ya Kibantu, kikapata nafasi.

Mwaka 1940 Wits ikatoa Diwani ya Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ikatoa Pambo la Lugha, na mwaka 1954 ikatoa Kielezo cha Insha, pia cha Shaaban Robert. Fikiria hiyo. Mtu wa Tanga anaandika mashairi, na kitabu chake kinachapwa katika nchi ambayo kuanzia mwaka 1948 inatawaliwa na serikali ya ubaguzi wa rangi, mbali kabisa na wasomaji wake. Sisi tuliokulia hapa tunaambiwa kila siku kwamba Kiswahili kiko "kule nyumbani". Sehemu ya nyumbani ilipigwa chapa Braamfontein.

Pili, mbili, mbele, pele

Hebu tumfuate Muyaka, kwa sababu safari ya mashairi yake ndiyo historia nzima ya fomati.

Muyaka aliishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 18 na miongo ya kwanza ya karne ya 19. Mashairi yake yalikaa vichwani na midomoni mwa watu. Baadaye katika karne hiyo Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu, akishirikiana na mmisionari Mwingereza, William Taylor. Karatasi za Taylor zikaishia London. Huko William Hichens akazitumia kuandaa diwani kwa herufi za Kilatini, yaani hizi a, b, ch tunazotumia leo, na diwani ikachapwa Johannesburg. Kutoka mdomo hadi herufi za Kiarabu, kutoka herufi za Kiarabu hadi za Kilatini, kutoka mwandiko hadi chapa. Mabadiliko matatu ya fomati, na hakuna aliyebonyeza kitufe chochote.

Kila badiliko lina gharama. Waswahili waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi: tenzi, barua, hesabu za biashara, mikataba. Lakini herufi hizo zilibuniwa kwa lugha nyingine. Kiarabu hakina p, kwa hiyo katika maandishi mengi ya zamani herufi moja, ba, ilifanya kazi ya b, ya p na hata ya mb. Alama moja ya irabu ilisimama kwa i na e, nyingine kwa u na o. Matokeo yake maneno pili, mbili, mbele na pele yaliweza kuandikwa sawasawa kabisa. Msomaji aliyekulia ndani ya lugha hakupata shida, alijua kutokana na maana ya sentensi. Msomaji wa mbali alikwama. Washairi na walimu wa pwani waliliona tatizo hilo, na wengine wakaongeza herufi za kutofautisha sauti hizo, lakini hazikuenea kwa wote.

Kisha ukaja uamuzi wa serikali. Mwaka 1928 wajumbe wa makoloni walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kusimamia tahajia na vitabu vya shule, vyote kwa herufi za Kilatini. Faida yake tunaiona: wewe na mimi tunasoma riwaya ya Dar, gazeti la Nairobi na ujumbe wa binamu wa Bukavu bila taabu. Hasara yake inakaa kwenye sanduku la bibi.

Ndani ya sanduku lile mna barua za bibi yake yeye, zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Bibi alisoma chuoni, yaani madrasa, hivyo kutamka herufi anaweza. Shuleni alifundishwa Kiswahili kwa herufi za Kilatini tu. Kwa hiyo akisoma barua zile, kila neno linamletea maneno matatu manne, na aliyeandika hayupo wa kuulizwa. "Nasikia sauti yake," aliniambia, "ila sijui anasemaje." Karatasi ni nzima na wino unaonekana. Kilichokatika ni uwezo wa kuzifungua.

Maandishi matupu

Sasa turuke hadi kwenye kompyuta. Tarehe 4 Julai 1971, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, aitwaye Michael Hart, aliandika kwenye kompyuta ya chuo Azimio la Uhuru la Marekani, ili wengine waweze kulisoma kupitia mtandao wa wakati ule. Aliandika kwa herufi kubwa tupu kwa sababu mashine haikuwa na herufi ndogo. Hapo ndipo ulipoanza mradi wa Project Gutenberg, na wengi wanakihesabu kile kuwa kitabu pepe cha kwanza.

Fomati yake ilikuwa maandishi matupu: herufi za ASCII, hamna picha, hamna italiki, hamna chochote. ASCII ilipangwa kwa ajili ya Kiingereza, na lugha nyingi za Afrika ziliumia. Kiyoruba kinahitaji nukta na alama za toni. Kivenda cha hapa Afrika Kusini kinahitaji alama chini ya d, l, n na t. Kiswahili sanifu hakihitaji hata moja. Uamuzi ule wa tahajia, uliopitishwa na watu ambao hawakuwa na habari ya kompyuta, ulikifanya Kiswahili kiingie kwenye ASCII bila kuvuliwa kitu.

Isipokuwa kimoja: kile kialama cha ng'. Kwenye taipureta kilikuwa kijistari kilichosimama wima. Programu za kisasa zinakipinda zenyewe, mara kielekee huku, mara kule, zikidhani umefungua nukuu. Kwa jicho la mtu ni kile kile. Kwa kompyuta ni herufi tofauti. Ukitafuta "ng'ombe" ndani ya kitabu pepe ukaambiwa hayumo, huku umemwona ukurasa uliopita, ujue ng'ombe yupo. Amefungwa kwa kamba nyingine tu.

PDF: picha ya ukurasa

Mwaka 1993 kampuni ya Adobe ilitoa PDF. Shida waliyotaka kuitatua ilikuwa ya ofisini: unaandaa hati vizuri, unamtumia mwenzako, kwake inafunguka imevurugika. PDF ikaahidi kwamba ukurasa utaonekana vile vile kwenye kila mashine na kila printa. Ahadi hiyo imetimia, na mwaka 2008 PDF ikawa kiwango cha kimataifa, haiko tena mikononi mwa kampuni moja.

Lakini tazama ahadi yenyewe. Ukurasa hautabadilika. Kama uliandaliwa kwa karatasi ya A4, utabaki A4 hata ndani ya simu yenye upana wa kiganja. Ndiyo maana kitabu kilimkimbia bibi.

Na PDF ziko za aina mbili, wengi hatujui hili. Moja ina maandishi ya kweli ndani yake: unaweza kutafuta neno, kunakili sentensi, kusomewa kwa sauti. Nyingine ina picha tu za kurasa, kama albamu ya harusi. Kompyuta haioni neno hata moja humo, inaona madoa meusi juu ya weupe. Ile niliyomtengenezea bibi ilikuwa albamu. Kipimo ni rahisi: weka kidole juu ya neno moja ulishike. Likichagulika, kuna maandishi. Ukiona unashika ukurasa mzima, umeshika picha. Vitabu vingi vya zamani vya Kiswahili vinavyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni albamu za namna hii, vizito kwa bando na bubu kwa msikilizaji.

EPUB na Kindle: jirani wasiosalimiana

Vifaa vya kusomea vilipoanza kuuzwa, kila kampuni ilikuja na fomati yake. Microsoft ilikuwa na yake mwaka 2000. Sony ikaja na yake kwenye kifaa cha wino wa kielektroniki kilichotoka Japani mwaka 2004. Kampuni ya Kifaransa Mobipocket, iliyoanzishwa mwaka 2000, ilikuwa na MOBI kwa vile vikompyuta vya kiganjani. Ukibadilisha kifaa, maktaba yako inageuka mawe.

Mwaka 2007 mambo mawili yalitokea ndani ya miezi michache. Septemba, chama cha wachapishaji na watengenezaji wa teknolojia, IDPF, kilipitisha EPUB kama kiwango cha wazi ambacho yeyote anaweza kukitumia bila kulipa. Novemba, Amazon ikaanza kuuza Kindle. Amazon ilikuwa imeshainunua Mobipocket mwaka 2005, na Kindle ikajengwa juu ya fomati hiyo. EPUB haikuifungua. Oktoba 2009 Amazon ikaanza kuuza Kindle kwa nchi zaidi ya 100, Afrika Kusini ikiwemo.

EPUB inafanyaje kazi? Ni mfuko uliofungwa. Ndani yake mna kurasa zilizoandikwa kwa HTML, lugha ile ile ya tovuti, pamoja na picha na karatasi ya maelezo: jina la kitabu, mwandishi, lugha. Ukibadilisha jina la faili kutoka .epub kuwa .zip unaweza kufungua mfuko uone kilichomo. Maandishi hayana ukurasa wa kudumu. Ukikuza herufi yanajipanga upya kama watu kwenye benchi anapoongezeka mmoja. Hilo ndilo bibi alilokuwa analihitaji.

Ile karatasi ya maelezo nayo si ya kupuuzwa. EPUB lazima itaje lugha ya kitabu, na ya Kiswahili inatajwa kwa herufi mbili: sw. Aliyetengeneza akizembea akaacha en, simu itasoma "ninakupenda" kwa sauti ya Kiingereza, utadhani mtalii siku ya kwanza Forodhani. Mafaili ya Kindle yalianza na upungufu mwingine. Kwa miaka mingi, katika orodha ya lugha ambazo Amazon ilikubali mwandishi achapishie kitabu pepe cha Kindle, Kiafrikana kilikuwemo. Kiswahili, chenye wasemaji wengi mara nyingi zaidi, hakikuwemo.

Halafu kuna kufuli. Kitabu pepe cha kununua, kiwe EPUB au cha Kindle, mara nyingi hufungwa kwa kufuli la kidijitali linalokizuia kufunguka nje ya akaunti yako. Julai 2009 Amazon ilifuta kutoka kwenye Kindle za wateja nakala walizokuwa wamenunua za 1984 na Animal Farm za George Orwell, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki nazo. Pesa zilirudishwa, na baadaye kampuni ikaomba radhi, lakini watu walijifunza kwamba muuzaji anaweza kuingia chumbani. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu pepe, na vitabu vilivyonunuliwa vikaacha kufunguka. Hapo pia pesa zilirudishwa.

Vita vyenyewe vimepoa kiasi. Mwaka 2022 Amazon ilianza kupokea EPUB kupitia huduma yake ya kutuma mafaili kwenye Kindle: unaituma, wao wanaigeuza. MOBI ikaanza kustaafishwa. Ila Februari 2025 waliondoa njia ya kupakua kwenye kompyuta vitabu ulivyonunua kwao na kuvihamisha kwa waya. Mlango mmoja umefunguliwa, mwingine umefungwa.

Joburg tena

Wakati wazungu wanagombania vifaa, Afrika Kusini ilikuwa inasoma kwenye simu ndogo. Wakubwa wetu mnaikumbuka MXit, programu ya kuchati iliyotengenezwa Stellenbosch. Mwaka 2009 mradi mmoja wa hapa nchini ulitoa hadithi ya vijana, Kontax, sura moja moja kwa wakati, kwa Kiingereza na Kixhosa, kupitia MXit na tovuti ya simu. Vijana walisoma na kuacha maoni. MXit ilifungwa mwaka 2016. Hapo kuna funzo: njia iliyowafikia watu wengi kuliko zote wakati wake ndiyo isiyokuwepo tena. Kusambaza ni jambo moja, kutunza ni jingine.

Mwaka 2014 taasisi ya Saide ya hapa Johannesburg ilizindua African Storybook, mkusanyiko wa hadithi za watoto zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, na Kiswahili kimo. Hadithi hazina kufuli. Leseni yake inakuruhusu kupakua, kuchapa, kutafsiri na kubadilisha. Tangu mwanzo mradi ulifanya kazi na vituo vya Kenya, Uganda, Lesotho na Afrika Kusini, mahali ambapo mwalimu ana projekta siku moja na siku nyingine hana hata umeme. Kwa hiyo hadithi ile ile inapatikana katika fomati zaidi ya moja: ya kusoma mtandaoni, ya kupakua, ya kuchapa kwenye karatasi. Wits walichapa Kiswahili mara moja, wakakipeleka mbali kwa meli na posta. Saide walikiacha wazi, kila mtu ajihudumie. Jiji ni lile lile.

Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ya Msingi ilipotangaza kwamba Kiswahili kitaruhusiwa kama somo la hiari katika shule za Afrika Kusini, swali la kwanza la wazazi wengi lilikuwa: vitabu viko wapi? Vipo. Swali lililobaki ni kama vitafunguka kwenye simu ya mtoto.

Fomati ilipofika mahakamani

Kutoka Braamfontein, ukitembea kuelekea Constitution Hill, uko Mahakama ya Katiba. Tarehe 21 Septemba 2022 mahakama hiyo ilitoa hukumu katika kesi ya shirika la wasioona, Blind SA. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1978 ilimtaka asiyeona apate ruhusa ya mwenye haki kabla kitabu hakijageuzwa kuwa breli, sauti au maandishi makubwa. Unaweza kuwa umekinunua kitabu kihalali na bado usiruhusiwe kukigeuza uweze kukisoma. Mahakama ikasema sheria hiyo inakiuka Katiba, ikalipa Bunge miezi 24 kuirekebisha, na ikaweka kipengele cha muda cha kuruhusu nakala za namna hiyo.

Kwa hiyo mtu akikuambia habari za EPUB na PDF ni mambo ya mafundi, mwonyeshe kilima kile. Majaji walikubali kwamba kuzuiwa kubadilisha fomati kunaweza kuwa sawa na kuzuiwa kusoma.

Basi nichague ipi?

Ndugu yetu wa Midrand, jibu lako kamili hili hapa.

Kwa riwaya, hadithi, insha na mashairi, chagua EPUB isiyo na kufuli kila inapowezekana. Itafunguka kwenye simu yoyote. Kwenye Kindle ya dada yako itume kwa ile huduma ya kutuma mafaili. Ukiihamisha kwa waya kama ilivyo, Kindle haitaifungua.

Kwa kitabu ambacho mpangilio wa ukurasa ni sehemu ya maana, kama kitabu cha picha, ramani, hesabu au mwandiko wa mkono, chukua PDF, na isome kwenye tableti, usijitese na simu.

MOBI usiianzishe upya. Kama unazo za zamani zisizo na kufuli, zigeuze ziwe EPUB sasa hivi kwa programu ya bure ya Calibre, ambayo Kovid Goyal aliianza mwaka 2006 kwa sababu kifaa chake cha Sony hakikuelewana na kompyuta yake.

Ukinunua chenye kufuli, nunua ukijua kwamba umelipia ruhusa ya kusoma. Na chochote unachokipenda sana, kiwe na nakala mbili mahali pawili.

Kwa bibi nilifanya hivi. Nilizipitisha zile picha kwenye programu ya kutambua herufi. Kwa kuwa herufi zetu ni nyepesi ilifanya vizuri, ila mara ya kwanza niliisahau kwenye Kiingereza, ikaanza "kusahihisha" maneno ya Shaaban Robert. Nikaibadilisha iwe Kiswahili, nikapanga beti moja moja, nikatengeneza EPUB ya matumizi yake yeye tu, lugha sw. PDF ya picha ilikuwa megabaiti 84. EPUB haikufika moja.

Masahihisho aliyafanya bibi. Nilimwekea sauti, akafumba macho, na kila programu ilipokuwa imekosea herufi alinyanyua mkono: "Hapo sipo." Alikuwa sahihi karibu kila mara. Mashairi mengi alikuwa nayo kichwani tangu shuleni. Tulimaliza kwa Jumapili tatu. Sauti ya tableti haijui mizani, inakimbia pale pa kutulia, na bibi anaigombeza kama mtoto wa chuoni. Ila anasoma mwenyewe sasa, herufi kubwa kama kucha, mistari haimkimbii.

Zile barua za bibi yake nimezipiga picha pia. Hizo nimeziacha PDF, tena kwa makusudi. Nikiziandika kwa herufi zetu leo nitalazimika kuchagua kati ya pili na mbele kwa niaba ya mtu nisiyemjua, na atakayekuja baadaye ataona chaguo langu tu. Zikae picha mpaka tumpate anayezisoma vizuri.

Kama nyumbani kwenu kuna sanduku kama hilo, au disketi za baba zenye mafaili ambayo hayafunguki, tuandikie. Kipindi kijacho tunataka kulifanya hilo.